Nani Amempa Ruhusa? Vyeti vya Afya Kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Katikati ya miaka ya 1920, mtu mwenye donda kwenye mteremko wa Kilimanjaro alikuwa na milango michache ya kubisha. Wa kwanza ulikuwa wa mganga wa kienyeji, aliyemjua tangu utotoni. Wa pili ulikuwa wa misheni: Walutheri wa Leipzig walikuwa Machame tangu 1893, na mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamejenga Kilema mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1890. Mwenye nguvu za kutembea aliweza kushuka hadi Moshi mjini, mji uliokua haraka baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Kisha ukafunguliwa mlango mwingine, mdogo kuliko yote: chumba cha dawa katika himaya ya mangi, mtawala wa Kichaga, na ndani yake kijana aliyeitwa dresa.

Mpango wa madresa uliendeshwa nchini Tanganyika chini ya Dkt. John Shircore, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Mtawala wa kienyeji alitoa kijana anayejua kusoma na kuandika, kijana akapelekwa hospitali ya serikali kufundishwa kwa miezi kadhaa, kisha akarudishwa kwao. Alifundishwa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kugawa dawa chache zisizo na hatari kubwa, na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa mbele haraka. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya utawala wa wenyeji, ile iliyoundwa chini ya sheria ya Gavana Donald Cameron ya mwaka 1926. Uchaggani, ambako kahawa ilikuwa imeanza kuingiza fedha majumbani, hazina hiyo haikuwa tupu.

Nani alikuwa amempa dresa ruhusa ya kumgusa mgonjwa? Mangi, na daktari wa serikali aliyemfundisha. Basi. Hakukuwa na daftari la usajili lenye jina lake wala baraza la kumwita ajieleze akikosea, na hakuwa na namba yoyote ambayo mtu wa Rombo angeweza kuiuliza kuhusu dresa wa Machame. Thamani yake ilikuwa katika kujulikana kwake. Wanakijiji walimjua yeye, baba yake na kihamba chao, yaani shamba la ukoo, na hilo lilikuwa na nguvu ambayo si vizuri kuidharau, kwa sababu mtu aliyemharibia jirani yake mkono kwa uzembe alipaswa kuishi na jirani huyo.

Ila kujulikana huko kuliishia mpakani mwa himaya ya mangi. Akihamia kwingine, dresa alikuwa mtu wa kawaida. Na hata akikaa palepale miaka 20, akiwa amefunga vidonda vingi kuliko daktari yeyote wilayani, hakuwa na ngazi ya kupanda. Tumezoea kusema kwamba cheti ni cha kumlinda mgonjwa dhidi ya mjuaji wa uongo, na ni kweli. Historia ya madresa inaonyesha upande ambao hatuutaji sana: kukosa karatasi kulimnyima na mfanyakazi mwenyewe haki ya ujuzi alioupata kwa jasho.

Miaka hiyo ya 1920 ndiyo iliyoipa sindano heshima yake. Kampeni dhidi ya buba zilitumia sindano za bismathi, na vidonda vibaya vilivyomtesa mtoto kwa miezi vikaanza kukauka ndani ya siku chache. Watu waliona kwa macho yao. Tangu hapo, kwa Watanganyika wengi, dawa ya kweli ikawa ile inayoingia kwa sindano, na mtu mwenye sindano mkononi akaaminiwa kabla hajafungua kinywa. Imani hiyo ilifungua njia kwa kampeni za chanjo zilizofuata, na ikafungua njia pia kwa matapeli.

Mwaka 1926 ndipo ilipoanza pia hospitali ya Kibong'oto, upande wa Sanya Juu, kama mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Hospitali hiyo ipo hadi leo, na ndiko matibabu ya kifua kikuu sugu yalikoanzia nchini mwaka 2009. Kifua kikuu hakitibiwi kwa kujulikana na majirani. Kinataka mtu anayeweza kutazama makohozi kwa hadubini na kusema kwa hakika kuna vimelea au hakuna, na anayejua kwa nini mgonjwa aliyepata nafuu mwezi wa pili hapaswi kuacha dawa. Akikosea, anayeumia si mgonjwa peke yake, ni nyumba nzima na wote wanaopanda naye gari.

Wauguzi na wakunga walipata usajili wa kweli mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipopata sheria na baraza lao. Kwa madaktari, suala la karatasi lilikuwa limechanganyika na rangi ya ngozi. Vijana wa Tanganyika waliosomea udaktari walikwenda Makerere, Uganda. Walisoma miaka mingi, wakafanya kazi ya daktari usiku na mchana, lakini kwa muda mrefu serikali iliwaita wasaidizi na kuwalipa kama wasaidizi, kwa hoja kwamba stashahada yao haikuwa imetambuliwa Uingereza. Utambuzi huo ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, nchi zikiwa zimebakiza hatua chache kufika uhuru. Anayesema leo kwamba vyeti ni mambo ya kiofisi tu awakumbuke watu hao, ambao ujuzi wao ulizuiliwa mlangoni kwa miaka na karatasi iliyokosa muhuri wa mbali.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere alikuwa akiitaja hesabu hiyo hata uzeeni. Kwa idadi hiyo, kusubiri hadi kila hospitali ya wilaya ipate daktari mwenye shahada kungekuwa sawa na kuwaambia akina mama wasubiri kujifungua. Kilimanjaro ilikuwa na nafuu kidogo kwa sababu ya hospitali za misheni. Kibosho, kwa mfano, miaka ya 1960 ilimpata Dkt. Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyekuwa ametumikia kusini, Lulindi na Mnero, tangu miaka ya 1930, na ambaye baadaye, kuanzia 1975, alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Upande wa magharibi wa mlima, kwenye mashamba ya Ol Molog, ndiko alikoishi Dkt. Michael Wood. Mwaka 1956 yeye na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga huduma ya madaktari wa kuruka kwa ndege, iliyozaa shirika la Amref mwaka uliofuata. Mwaka 1964 ripoti ya Profesa Richard Titmuss kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyoandaliwa kwa wito wa shirika hilo, ilisisitiza vituo vya afya vijijini na watumishi wa ngazi ya kati.

Watumishi wa ngazi ya kati ndio kiini cha simulizi hii. Kuanzia 1963 nchi ilianza kumchukua tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, kumrudisha darasani, na kumtoa akiwa daktari msaidizi. Cheti chake kilieleza mipaka yake: kutibu, kuongoza wodi, na kufanya baadhi ya operesheni, ikiwemo ile ya kumtoa mtoto tumboni. Wengi wa nje walishtuka. Mtu asiye na shahada ya udaktari ashike kisu? Jibu lilichukua miongo kadhaa kuandikwa kwa takwimu. Mwaka 2009 watafiti, akiwemo Dkt. Godfrey Mbaruku, bingwa wa uzazi aliyewahi kuitumikia hospitali ya mkoa wa Kigoma, walichapisha uchunguzi wa operesheni za uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Zaidi ya nane katika kila kumi zilikuwa zimefanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada.

Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote tulionao nchini kuhusu thamani ya cheti cha kazi. Hakikuwa cheti cha kifahari, wala hakikumpeleka mwenye nacho London, na huenda ndiyo sababu moja wengi wao walibaki wilayani. Lakini kilieleza kwa uaminifu mwenye nacho anaweza nini, na nchi ikamruhusu afanye hicho hasa.

Machi 1971 Mwalimu alifungua hospitali ya KCMC, chini kidogo ya migomba ya Kibosho na Old Moshi, iliyojengwa na makanisa kupitia shirika la Msamaria Mwema. Watu wa kaskazini wanaijua kama mahali pa kupelekwa mgonjwa aliyeshindikana kwingine. Kazi yake nyingine, ya kutengeneza watumishi ambao vyuo vingine havikuwa nao, haisemwi sana. Tangu 1981 kimekuwepo hapo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Madaktari wasaidizi wa macho na wa dawa za usingizi walifundishwa hapo. Na mwaka 1992 kikafunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, RDTC, kikiongozwa na Dkt. Henning Grossmann, na baadaye Profesa John Masenga.

Ngozi inaonekana jambo dogo mpaka uketi kwenye benchi la kliniki. Mtoto ana duara lenye magamba kichwani: hicho ni choa, ambacho wenzake shuleni wanakiita mashilingi, na dawa yake inajulikana. Mtu mzima aliyeketi kando yake ana baka lililopauka mkononi. Laweza kuwa mba. Laweza kuwa ukoma. Mwanafunzi wa RDTC anafundishwa kumwambia mgonjwa afumbe macho, kisha anachukua kijiuzi cha pamba na kugusa taratibu, mara ngozi nzima, mara baka lenyewe, na mgonjwa anaonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Kidole kikienda sawasawa kwenye ngozi nzima na kutulia tuli pamba inapogusa baka, mwanafunzi hasubiri. Anapapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na shingoni akitafuta uvimbe. Pamba ya senti chache imeokoa vidole vya mtu, kwa sababu ukoma ukigunduliwa hapo unapona kwa vidonge. Ukikutana na muuza krimu badala ya mtaalamu, miaka inapita, na vidole haviwi tena vidole.

Wanafunzi wa stashahada ya juu katika kituo hicho wametoka nchi nyingi, wengi wakiwa matabibu na wauguzi waliokwisha kuwa kazini. Wakirudi kwao, mara nyingi ndio pekee katika wilaya nzima wanaoijua ngozi. Kituo hicho ndicho pia kilichoanza kutengeneza krimu ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, na kwenda kuwapima vijijini kabla saratani haijawatangulia. Kazi ya afya ya umma ndiyo hiyo. Mtu anayetoka kliniki na kwenda kumtafuta mgonjwa anahitaji kuaminiwa na mama anayemfungulia mlango.

Hapo ndipo tunarudi vijijini, kwani migomba ya Machame haiko wodini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Vijiji viliteua wahudumu wao wa afya, wakapewa semina na kisanduku cha dawa. Wengi walifanya kazi kwa moyo. Lakini mafunzo yao hayakuwa na kipimo kimoja, posho ilitegemea kijiji, na kisanduku kilipokwisha dawa, mhudumu naye alibaki na jina tu. Walikuwa warithi wa dresa katika yote, hata katika kukosa ngazi.

Pengo hilo lilionekana vizuri Hai. Kuanzia 1992 mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima uliorodhesha kaya za sehemu ya wilaya hiyo, pamoja na maeneo ya Dar es Salaam na Morogoro Vijijini. Kila kifo kilipotokea, tabibu alikwenda msibani baada ya siku za matanga, akaketi na wafiwa na kuwauliza: homa ilianza lini, alikohoa, upande mmoja wa mwili ulilegea? Majibu yalipelekwa kwa madaktari wakakadiria sababu ya kifo. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kiharusi kilikuwa kinaua Watanzania kwa kiwango kikubwa kuliko ilivyodhaniwa, shinikizo la damu likiwa halijapimwa wala kutibiwa. Watu walikuwa wakifia nyumbani bila mtu yeyote mwenye kipimo kufika mlangoni mwao wakiwa hai.

Mahali pengi mlango wa kwanza ulikuwa duka la dawa baridi, ambako muuzaji aliuza alichoombwa. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, serikali ilianza kuyageuza maduka hayo kuwa maduka ya dawa muhimu: muuzaji alisomeshwa wiki kadhaa, akapewa cheti, duka likakaguliwa na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa zilizokuwa zikiuzwa kwa kificho. Mpango ulienea Tanzania Bara yote. Naamini ulifanikiwa kwa sababu cheti kilimletea muuzaji kitu anachokitaka, yaani haki ya kuuza zaidi, na kilimletea mkaguzi kitu cha kumnyang'anya akikosea.

Kisha ikaja Aprili 28, 2017. Mjini Dodoma Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti feki wakaondolewa kazini. Wa afya walikuwamo, na zahanati zilizokuwa na watumishi wawili au watatu zilitikisika. Wengi walishangilia, na kughushi ni kosa, sina la kulitetea. Lakini tulitazame vizuri. Kilichohakikiwa hasa ni vyeti vya shule, kidato cha nne na kuendelea. Mtu angeweza kuwa amepita chuo cha uuguzi na kufaulu mitihani yake yote, huku cheti alichoingilia chuoni ni cha binamu yake. Mwingine angeweza kuwa na cheti halali cha kidato cha nne na hajashika kitabu cha kazi yake kwa miaka 25. Uhakiki ule ulimkamata wa kwanza. Wa pili hakuguswa. Wahudumu wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya waraka wa Mei 20, 2004, uliofanya kidato cha nne kuwa sharti la ajira serikalini, nao walitolewa, wakarejeshwa mwaka 2018 baada ya malalamiko mengi.

Wa pili anakamatwa na kitu kingine, leseni inayohuishwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamtaka muuguzi awe na leseni hai. Mabwana na mabibi afya, wanaokagua mabucha, hoteli na vilabu vya mbege, walipata sheria yao ya usajili mwaka 2007. Moshi iliyosifiwa miaka mingi kuwa mji msafi kuliko yote Tanzania ilifika hapo kwa watu kama hao, waliorudi kila asubuhi kwenye masoko na mitaro. Leseni inayohuishwa kwa kulipa ada tu ni risiti. Inayohuishwa kwa mafunzo, mitihani midogo na ushahidi wa kazi ndiyo inayomwambia mgonjwa kwamba mtu huyu anajua tiba ya mwaka huu.

Kosa la mwisho ni letu la karibuni. Katikati ya muongo wa 2010 serikali iliweka mtaala rasmi wa mwaka mmoja kwa wahudumu wa afya ya jamii. Vijana wakalipa ada, wazazi wakauza ng'ombe, maelfu wakahitimu. Ajira hazikuja kwa kadiri ya ahadi. Wengi walirudi vijijini na cheti halali cha kazi isiyokuwepo. Madaktari wasaidizi nao wamefungiwa njia: mafunzo yao yamesitishwa, na aliyetaka kuwa daktari kamili aliambiwa aanze mwaka wa kwanza kama mtoto aliyetoka sekondari, miaka yake yote ya operesheni ikihesabiwa si kitu. Nchi inayofanya hivyo inawafundisha vijana kudharau vyeti.

Januari 31, 2024 aliyekuwa Makamu wa Rais, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango mwingine, wa wahudumu 137,294 wa afya ngazi ya jamii katika miaka mitano, wanaofundishwa kwa miezi sita na kuchaguliwa na watu wa kitongoji chao. Una sura ya dresa, anayejulikana na majirani, na una usajili ambao dresa hakuupata. Kitakachoamua ni fedha na ngazi. Madiwani wa Rombo, Hai, Siha na Moshi wanaopitisha bajeti waulize mambo mawili kabla ya kunyoosha mkono: posho ya mhudumu imetengwa wapi, na akifanya vizuri miaka mitano atasomea nini. Nawe msomaji, ukifika zahanati, duka la dawa au kliniki yoyote, soma leseni iliyotundikwa ukutani, jina na tarehe ya kuisha. Kama haipo, uliza. Ni haki yako, na mtumishi aliyeisomea hatakasirika.